Kanyagio

Tangazo la ukutani pale Kiboriloni
lilinipa jina kwa rangi ya mabaki:
MTOTO WA NDEKIRWA. Chini yake, kwa wekundu:
PIA KUTAKUWA NA MBUZI.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.
Nilikuwa nimevunja fimbo mia na kitu,
nimepasua ngozi mbili za drams ambazo hazikuwa zangu,
na bado mbuzi ndiye aliyetajwa kwa jina lake.

Watu wanadhani nilirithi.
Wanamkumbuka baba na gitaa lake jeupe,
bugaluu, vifungo vitatu wazi kifuani,
wimbo ule wa Jumamosi uliowachumbisha wazazi wao.
"Ni damu," wananiambia, wakinishika kifundo cha mkono
kama daktari anayetafuta mapigo.
Damu gani? Baba alikuwa Dar, Nairobi, Lubumbashi.
Nyumbani alikuwa bahasha,
na picha juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma.

Mimi nilifundishwa na kiwanda.
Mama alichambua kahawa karibu na stesheni,
punje nzuri huku, punje nyeusi kule,
nami chini ya meza, mgongo ukutani,
mashine ya kukoboa ikinipita mbavuni:
du-ka du, du-ka du, halafu inakwama,
inavuta pumzi, inaanza upya.
Mpaka leo nikikosea, nakosea pale pale
ilipokuwa ikikwama.

Roki haikuwa na kwao Moshi.
Tulianzia gereji ya Fundi Mfinanga, Pasua,
kati ya giaboksi na betri zilizokufa.
Mchungaji akasema tunaita mashetani.
Mfinanga akasema mashetani hawalipi umeme,
tulipe sisi au tuhame.
Tukahama. Arusha, chumba cha nyuma cha baa, Sakina,
Ijumaa nne bila malipo, ya tano tukapewa soda,
na msimamizi akaja na ombi, anatabasamu:
"Basi tupigieni ule wa baba yako."
Usiku huo nilipiga mpaka toazi likapata ufa.
Ule sikuupiga.
Ninaujua wote.

Alikuja mara moja.
Novemba, mvua, koti la suti lililomzidi mabega,
pamba masikioni.
Alikaa karibu na choo, ambako hakuna anayemtazama mtu,
na hakuna aliyemtambua, hata msimamizi
aliyesimama kando yake akinitangaza kwa jina lake.

Tulipomaliza nilikuwa natweta,
jasho likidondokea ngoma ndogo.
Nikangoja. Neno moja tu, hata la kunikana.
Akainama polepole, mkono kiunoni,
akachungulia nyuma ya ngoma kubwa,
akabonyeza kwa kidole gumba, akasikiliza.
"Kanyagio lako linalia," akasema.
"Wimbo wa tatu lilinikera. Tia mafuta."

Kisha akaomba nauli ya kurudi.

Nimefanya kazi tangu hapo. Kampala, Nairobi,
mwaka mzima hotelini Mombasa, harusi za watu nisiowajua.
Sikio la kushoto linavuma usiku kama jokofu bovu.
Jina langu ni Aikaruwa. Lipo kwenye jalada la kanda mbili,
kwa ndani, maandishi madogo,
baada ya yule aliyeleta chakula.

Alizikwa Kibosho, migombani, mwezi wa Machi.
Walinikodishia drams, wakaziweka kwenye majani mabichi,
wakaniangalia. Walitaka ule.
Nilikaa. Nikapiga kiwanda, mzunguko mmoja,
pamoja na pale kinapokwama,
nikainuka kwenda kusaidia kupanga viti.
Mama peke yake ndiye aliyecheka.

Nina kichupa cha mafuta ya cherehani mfukoni.
Kabla ya kila onyesho napiga magoti,
natia matone mawili, nabonyeza, nasikiliza.
Isipokuwa nikipiga Moshi.
Moshi naliacha lilie.