Ufa

Kaja kutoka Entebbe na kurunzi na kioo cha mkono,
mkaguzi Nakayiza. Jua la utosi, uwanja wa Manda.
Akapitisha ukucha kwenye pangaboi. Akarudia.
Akasita.

"Hairuki."

Rubani akamtaja mwenye ndege.
Mwenye ndege, kwa simu, akamtaja mkubwa.
Yeye akaandika tarehe.

Mimi mpakizi, nishapanga masanduku kumi na moja
na keki ya harusi ya Wardi, sukari inavuja.
Nikamlaani kimoyomoyo.

Alasiri akanipa kurunzi. "Tumia ukucha."
Unywele wa kichanga, hivi.
Usipoziba ufa utajenga ukuta;
huko juu, utaujengea wapi?

Wardi kaolewa Malindi bila keki.
Mamake kafika kwa basi, usiku,
miguu imevimba,
ananung'unika bado.