Kopo la Nondo

Kazi yangu ni kutolala. Nalinda geti, kule Muhumba,
la watu wasiojua jina langu la pili,
kwa rungu, koti la mvua, na filimbi
ambayo miaka sita sijapata sababu ya kuipuliza.
Tangu mwezi wa kumi na moja nina kazi nyingine:
kupiga magoti chini ya taa, kukamata nondo,
kuwatia, wangali hai, ndani ya kopo la maziwa.

Chura alikuja na fungu la lengalenga.
Mama Nsimire alilifungua juu ya karai:
akaruka yeye kwanza, kisha chura.
Kijani kama njegere iliyotoka ganda sasa hivi,
ncha za vidole kama vifungo vya shati la mtoto.
Nsimire akasema, "Wangu."
Tukampa ndoo, tawi la mpera, kisahani cha maji ya mvua,
na juu kipande cha chandarua cha hospitali,
kile kile kilichozuia mbu wasituingilie;
sasa kinawazuia wasimtoroke.

Hakula.
Bugali, kitonge kama punje ya mtama: hakula.
Sambaza mkavu: alimkanyaga.
Nzi aliyekufa alimpita
kama ninavyolipita duka la Zihalirwa mwezi ukiwa kati.
Siku ya nne mifupa ya kiuno ikachomoza,
vigingi viwili chini ya hema bichi,
na mtoto naye akaanza kusukuma sahani.
"Nitakula akikula."

Nikamwuliza Byamungu, wa bustani ya jirani,
mtu anayesema na majani kuliko na mkewe.
Akasema: huyo haoni chakula, anaona mwendo.
Kisichotembea, kwake ni jiwe.
Usimpe kipana kuliko nafasi ya kati ya macho yake.
Kimulimuli, kamwe: ule moto una sumu.
Na usimwite mezani mchana.

Basi nondo. Wadogo, wa rangi ya majivu.
Mke wa bosi alitoka na tochi ya simu:
"Sentineri, umepoteza nini hapo chini?"
"Natafuta chakula, madame."
Akarudi ndani bila neno. Alfajiri
nikakuta nusu mkate juu ya kiti changu.
Sikumweleza. Mkate ulikuwa na siagi.

Umeme wa Ruzizi ukikatika, nondo wanakwenda nisikojua.
Hapo natafuta nyenje kwa sikio, majanini,
nikinyata ndani ya bustani ninayolipwa kuilinda.
Nikikaribia, ananyamaza.
Naye, nadhani, ana geti lake.

Kukikucha napanda Kadutu, kopo kwapani,
mabawa yakikwaruza bati
kama barua inayotaka kusomwa.
Nsimire ananipa hesabu mlangoni:
"Jana watatu. Mmoja alimtema."
Mimi sijaona hata mmoja. Akila, niko getini;
nikirudi, amelala, mikono chini ya kifua,
kama mtu asiyedaiwa.

Jumapili ya mapumziko nikakaa mbele ya ndoo,
mshumaa nyuma yangu. Nikakodoa macho,
maana ndilo nililofundishwa.
Nondo akapanda tawi, akapita puani pake, akageuka, akapita tena.
Chura akanitazama mimi.
Mama Nsimire akaita mara mbili: bugali linapoa.

"Baba, unamuangalia kama mwizi. Geuka."

Nikageukia ukuta, kwenye kalenda
ya mwaka uliokwisha, yenye picha ya ng'ombe wa Uswisi.
Mvua ilikuwa inakuja toka upande wa ziwa, bati kwa bati.
Kisha sauti ndogo, ndogo sana,
kama kifungo kinachoachana na uzi.

"Iko nakula, baba. Iko nakula."

Sikugeuka. Nyuma yangu sahani iliburutwa,
mmoja akimeza, mwingine akitafuna,
nami nikilinda ukuta.