Abiria Aliyelala na Kona

Nilimjua kwa kiuno kabla ya jina.
Miaka kumi na mmoja nabeba watu Malindi hii,
Majengo, Maweni, Ganda, Kisumu Ndogo,
na wote wakifika konani hufanya kosa lile lile:
mimi nalala kulia, wao wanainukia kushoto,
kama tunagombania nani atangulie kaburini.
Mjapani huyu alilala nami.
Nikahisi nyuma hakuna mtu.
Nikageuka, labda nimemwangusha.

Yupo. Mkavu kama ng'onda,
mikono juu ya mapaja, hashiki kitu,
kidole cha mwisho cha kushoto hakipo.

Akauliza jina. Katana, nikasema.
Akacheka hadi akakohoa.
Kwao katana ni upanga, tena ni pikipiki.
Kwetu ni babu yangu, nikamwambia,
aligema minazi ya watu miaka arobaini
akaanguka mara moja.
"Mara moja si mbaya," akasema.
"Mimi sabini na nne. Zote nimeandika."
Na kweli, kijitabu kikatoka mfukoni.

Isogai. Vijana wa stejini wakakata kichwa na mkia,
akabaki Mzee Soga,
na mtu mwenyewe soga hana hata chembe.
Maisha yake nilipewa kwa vipande, kituo kwa kituo,
kwa Kiingereza chake kibovu na changu kilichooza:

Babake aliuza tambi katika mji wa viwanda.
Mtoto akizipeleka kwa pikipiki,
mkono mmoja usukani, mwingine sinia la bakuli,
na mchuzi usimwagike.
Hiyo ndiyo skuli yake.
Kisha miaka kumi na minne ya mashindano,
mashine ndogo zinazolia kama nyigu ndani ya kopo.
Mbio mia moja themanini na mbili.
Kidole kilibaki Uhispania.
Ushindi: mmoja.
Mvua ilinyesha, wa mbele wakaanguka mmoja mmoja,
"mimi mwendo sikuwa nao,
nilikuwa nawaza bakuli."
Mbio ya mwisho alitoka wa tisa,
na aliyejua ni ya mwisho alikuwa fundi wake tu,
aliyekusanya spana mapema huku akivuta kamasi.
Hiyo ya tisa ndiyo aliyoisimulia mara mbili.

Jumamosi, Dzombo akaweka dau.
Mia tano, daraja la Sabaki hadi njia panda ya Mambrui.
Barabara imenyooka;
cha kuogopwa ni lori za chumvi za Gongoni.
Soga akachukua ufunguo wangu.
Akabonyeza cheni kwa kidole, akainusa oili,
akageuza skrubu ya kabureta kwa sarafu ya kumi,
robo tu,
na injini iliyokohoa tangu Ramadhani ikanyamaza kukohoa.

Dzombo akapaa na vumbi lake.
Soga akaondoka kwa arobaini.
Akawasha hata taa ya kupindia.
Vijana wakashika vichwa.

Alikawia. Tukaanza kutazamana.
Aliporudi, nyuma amembeba Bi Sidi wa Kaloki
na trei mbili za mayai,
sitini, hakuna hata moja lenye ufa.
"Huyu ndiye dereva," Bi Sidi akasema akishuka,
"nyinyi mnatupeleka kama maiti waliochelewa."
Akafungua pindo la leso, akampa hamsini.

Soga akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa,
akabaki vile,
muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyotaka.
Uso sikuuona, kofia haikuvuliwa.
Kisha kijitabu kikatoka,
akaandika jambo kwa ile michoro yao,
kwenye ukurasa mwingine, si ule wa kuanguka.

Dzombo mpaka leo anasema alishinda,
na alishinda, dau alilipwa.
Mimi jioni nilimrudisha Soga hotelini, nikamdai nauli.
Hamsini.
Akapekua mifuko yote minne
akitafuta hamsini nyingine.