Gia Huru

Muhanna ameshanunua nyumba yenye magurudumu
kwa kiinua mgongo chake chote,
hakuniuliza kitu ila rangi ya pazia.
Sasa imeegeshwa hapa Mabela, imeziba geti la jirani,
na haiwezi kwenda kununua mkate.

Ndiyo maana tunaitafutia mtoto:
gari dogo, kuukuu, la kufungwa nyuma kwa chuma,
livutwe hadi Salala, kilomita elfu moja na ushei,
kisha lifunguliwe Mirbat, liingie kichochoro cha dada Rayya,
chembamba kama mkono wa kanzu.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," anasema Muhanna.
Nundu ng'ombe huota nayo, namjibu.
Hii yako tunainunua,
na zimebaki riali mia tisa na thelathini.

Ijumaa, Wadi Kabir. Saa moja asubuhi na jua limeshashika kazi.
Magari yamepakwa mafuta matairini
kama maharusi waliotiwa hina miguu.

Toyota ya kwanza ni otomatiki.
Kunjumon, fundi wetu, hakufungua hata boneti.
(Kiswahili alifunzwa na tajiri wake wa kwanza, Mpemba,
na lafudhi haijamtoka.)
"Ukiivuta hii magurudumu chini, injini imelala,
pampu imelala, gia nani atazipa mafuta?
Zitajisaga. Mtafika Haima mkivuta sanduku."

La pili bei yake mia tano.
Muuzaji ana ndevu zilizochanwa vizuri na viapo vitatu.
Mimi nilikuwa karani wa hospitali miaka ishirini na saba,
nimeona watu wakificha ugonjwa kwa tabasamu.
Nikainua zulia, nikapenyeza kidole chini ya kiti cha nyuma,
nikatoa udongo laini, wa kijivu.
Udongo wa wadi.
Nikamwonyesha kidole. Akatazama saa yake.

Gari hili lilishazama.
Labda usiku ule wa mafuriko kuna mtu alipanda juu ya paa lake.
Labda hakuwahi.
Nikalirudisha zulia polepole, kama shuka.

Suzuki tuliikuta pembeni kabisa, buluu iliyopauka,
mlango mmoja mweupe.
Mwenyewe, Bi Shinuna, mwalimu wa Sur, alisema kabla hatujauliza:
"Mlango niliugonga mimi. Nauza kwa sababu ya macho."
Gia za mkono. Kilo elfu moja na kidogo.
Kunjumon akalala chini, akatoka na mchanga masikioni,
akaingia ndani, akasukuma kile kigia kifupi hadi katikati.
"Hapo huru," akasema.
Nikaisukuma kwa mikono miwili, mimi na miaka yangu sitini na moja,
ikaenda.
Haikulalamika, haikuuliza wapi.

Nami nililetwa nchi hii hivyohivyo, nina miaka tisa,
nyuma ya baba na masanduku.

Tukabishana kwa adabu hadi chai ikapoa.
Alitaka elfu moja na mia. Akashuka. Tukapanda.
Mia tisa na ishirini, na kifuta jasho cha Kunjumon riali tano.
Mulkia ikabadilishwa jina: langu.
Muhanna akatabasamu kama aliyeoa tena.

"Na chuma cha kuvutia?" nikamuuliza njiani.
Kimya.
"Mabano, taa za nyuma, kufungwa kwake?"
Akasafisha koo. "Kitu kama mia na themanini."

Kwa hiyo mwezi wa saba tuliondoka hivi:
nyumba mbele, inayumba kwa upepo kama mtu aliyeshiba,
na mimi nyuma yake, dirisha wazi, gia ya nne,
hatukufungwa kwa kitu.
Adam nikaona mzee anauza tende za kwanza.
Nikasimama.

Nyumba iliendelea, ikawa kisanduku, ikawa nukta.
Nilikuwa nakula tende ya nne
simu ilipoanza kulia.