Stakabadhi ya Kisigino

Miaka thelathini na moja nilipima vifurushi
stesheni ya Tabora, pale reli inapotanua vidole:
kimoja Kigoma, kimoja Mwanza, kimoja Mpanda.
Asali ya Sikonge ndani ya madumu,
mawese yaliyovuja tangu Ujiji,
baiskeli iliyoviringwa magunia kama aliyeungua moto.
Vyote nilivijua kwa uzito, kwa harufu,
kwa mwandiko wa aliyetuma.

Ila mwaka wa themanini na nne
nilipitisha sanduku lililoandikwa SABUNI.
Lilikuwa zito mno kwa sabuni.
Niliona haya kuuliza.

Doa lilianza chini ya kisigino cha kushoto,
jeusi, dogo kuliko punje ya ulezi.
Nikasema grisi. Nikasugua kwa jiwe.
Kalunde akasema mwiba, akaleta sindano.
“Mwiba haukui,” akasema daktari wa Kitete,
na kipande cha nyama yangu kikapanda basi la Mwanza
ndani ya kichupa, bila stakabadhi.

Binti wa maabara, Dafroza Ntahondi,
alinichorea nyuma ya fomu, viduara vingi:
“Seli zetu, babu, hutumiana vifurushi,
vidogo hata darubini yangu haivioni,
vimefungwa kwa utando wa mafuta, ndani maagizo.
Seli ya ngozi humwandikia jirani:
leo jua kali, kaza ukuta.
Na saratani nayo hutuma.
Huyaandikia matezi ya kinena, huyaandikia mapafu:
nitandikieni. Naja.”

Kwa hiyo mwilini mwangu kulikuwa na ghala,
na karani wa zamu hakuuliza.

Akasema huko mbali wanajifunza kuvinasa
katika tone la damu, wasome anwani
kabla mzigo haujashushwa;
na wapo wanaojaribu kuvipakia dawa,
kuvirudisha njiani na muhuri uleule
ambao mlango huufungukia bila kubisha.
Nikauliza behewa hilo linafika lini Tabora.
Akaikunja fomu.
“Bado, babu. Ni majaribio.
Kwako wewe ni kisu, na kiwahi.”

Kiliwahi, wanasema.
Nyama imeondoka, upana wa sarafu ya mia mbili na pembezoni zaidi,
pengo limezibwa kwa ngozi ya paja
ambayo haijazoea kukanyagwa.
Natembea kama mtu anayedaiwa na kokoto.

Kila Jumamosi, baada ya kuoga,
Kalunde hunikagua nyayo kwa tochi ya simu,
katikati ya vidole, chini ya kucha,
miwani imemshukia puani.
“Hii?”
Kovu.
“Na hii?”
Hiyo ya tangu utoto, chupa ya soda, Cheyo.
“Na hiki hapa?”

Nasikia ile haya ikinipanda shingoni,
ileile, ya mtu na sanduku lake.
Mwanga haujasogea.

Kiulize, nasema.
Kiulize hicho.