Safu ya Arobaini na Mbili

Chama kikuu wameandika: majina yapangwe kwa alfabeti.
Mhuri ulikuwa bado mbichi, ulinichafua kidole.
Mimi ni karani wa chama cha msingi hapa Kitangari;
nikafungua kompyuta juu ya meza inayonuka maganda ya korosho,
lahajedwali likanyooka kama shamba lililopaliwa:
safu wima sita, safu mlalo mia tatu na kumi na nne.

Mpaka jana walikaa kama walivyofika.
Wa kwanza Somoe Chitanda, aliyelala mlangoni pa ghala
na magunia yake matatu, kajifunika kanga dhidi ya umande.
Wa pili Dadi Lipei, maana baiskeli ni yake
na ilibidi airudie safari.
Wa tisa, yule aliyegombana na mizani.
Wa thelathini na thelathini na moja, baba na mwana wasiosalimiana,
walisimama foleni wakitazama kila mmoja upande wake.
Mpangilio ule haukuwa na sheria
ila ulikuwa na asubuhi ndani yake.

Nikashika safu ya majina, nikaiamuru: A ipande juu.
Ikapanda, upesi mno.
Majina yakahama, kilo zikabaki palepale,
kama watu waliohamishwa usiku wakaacha vyungu mekoni.
Abdu Mchopa, mwenye lori, akaangukia magunia matatu ya Somoe
na deni lake la salfa.
Somoe, chini huko kwenye S,
akaamka na tani nne, daraja la kwanza.

Kwa dakika moja
(siiti dhambi, naiita dakika)
nilikaa nikaitazama haki ile iliyokuja kwa kukosea.
Nje mtu alikuwa anadai chenji ya ndoo ya maji.
Sijui kama tabasamu lina safu yake kwenye hesabu.
Kisha nikabofya tendua,
na umaskini ukarudi kwa wenyewe bila kupotea hata kilo.

Semina ya Mtwara walitufundisha:
ukimhamisha mtu, mhamishe na mzigo wake.
Siku ile nilikuwa kwenye foleni ya chai.

Nikachagua zote, ndipo nikapanga.
Zainabu na Zuhura, waliopelekana barazani kwa ajili ya mpaka,
sasa wametenganishwa na mstari mwembamba kuliko mpaka wenyewe.
Baba yuko H, mwana yuko T; wamepata nafasi waliyoitaka.
Somoe ni wa mia mbili sabini na tatu.
Akija kuniuliza, yeye aliyelala mlangoni,
nimwambie nini? Kwamba aliyempa jina alichelewa?

Na barua ina ukurasa wa pili:
safu ya makato itangulie safu ya malipo,
mkulima aone kwanza kinachoondoka.
Nikaiburuta. Ilikuwa nyepesi.

Jioni, nikihakiki, namba zikaruka:
arobaini na moja, arobaini na tatu.
Nikakumbuka. Nilimficha mwenyewe mwezi uliopita.
Yusufu Nnunduma alipima, akaweka dole gumba, akarudi Mkwiti,
Ijumaa wakaja kuniambia.
Watoto hawajaleta barua ya mirathi,
na sikuweza kufuta, nikaficha.
Kumbe mashine haimpangi aliyefichwa.

Nikafunua.
Kati ya Bahati na Biti, katikati ya herufi zisizomhusu,
kasimama Yusufu palepale alipofika,
kilo mia moja na kumi na mbili, unyevu umekubalika,
hajui kwamba alfabeti imepita.

Ningeweza kumpeleka chini, kwenye Y, kabla ya Zainabu.
Ni kubofya mara mbili tu.
Nimehifadhi faili, nimezima taa.
Wakiuliza, nitasema ni mashine.