Kibandiko

Chini ya kila mashine ninayoifungua
hapa Mwanga, Kigoma, pana kibandiko
chenye herufi za sisimizi:
kisivuruge mawimbi ya wengine;
na chenyewe kikivurugwa, kivumilie.
Miaka kumi na tisa nimekibandua
bila kukisoma.

Simu ya Bi Ntibakazi ilikuwa ikihamia Kongo
kila jioni, salio likaliwa ng'ambo.
Nikamtengenezea kikuza mawimbi:
waya wa shaba, kopo la maziwa, tamaa.
Akanilipa mawese, chupa mbili.

Akaja mkaguzi, antena mbele,
kama mrina asali afuataye nyuki,
mpaka chini ya paa lile.
"Jumanne usiku boti ya wagonjwa iliita Kibirizi.
Ikajibiwa na mkwaruzo."

Nikakizima mwenyewe.
Nani alikuwa ndani ya boti, hakusema.
Sikuuliza.

Siku hizi Bi Ntibakazi husimama kizingitini kwangu,
ndipo mtandao unaposhika,
akimfokea mwanawe mambo ya mbuzi, ya deni,
ya bati linalovuja,
nami chuma cha lehemu kinatetemeka mkononi.

Kivumilie.